Upepo wa Mwalimu Maxine

Mwalimu Maxine Adoyo ana begi jeusi nyuma ya mlango wake. Naanza na hilo begi kwa sababu mtu akitaka kumjua huyu mwanamke, asianze na sauti yake nzuri wala vidole vyake ambavyo havikauki rangi. Ndani ya begi mna vyeti vyake vyote, diploma ya ualimu, sweta moja, chaja ya simu na picha ya marehemu mama yake. Si begi la safari yoyote. Siku aliyohamia chumba cha kupanga hapa Boito nilimsaidia kubeba godoro, nikaliona, nikamtania.

"Mwalimu, hii begi inaenda wapi?"

"Haiendi popote, Mama Chepchumba. Inakaa tu."

Nikacheka. Yeye alitabasamu kidogo, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa ukuta.

Ana miaka thelathini. Alizaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Baba yake, Mzee Eliakim, alitoka kando ya ziwa akiwa kijana wa kuchuma majani, akaingia kiwandani, na mpaka leo anafanya kazi huko karibu na Kiptere. Kwa hiyo Maxine ni mtoto wa chai kama sisi. Kipsigis anakielewa nusu na kukizungumza robo, na watoto wetu humcheka hadi washike tumbo. Alisomea ualimu, anangoja serikali imwajiri, na huko kungoja kumeingia mwaka wa sita. Shule zikifungwa, Aprili, Agosti na ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, yeye hukusanya watoto wa shule ya msingi kwenye ukumbi wa kanisa letu na kuwafundisha kuimba, kupiga vyombo na kuchora.

Mimi ni Rodah. Mstari wa mwisho wa chai yangu unakaribia kugusa ukuta wa huo ukumbi, hivyo nikichuma, nasikia kila kitu. Tena nina mdomo. Muulize mtu yeyote hapa Boito. Nimemgombeza karani wa majani, nimemgombeza mchungaji, nimemgombeza hata mume wangu kwa simu akiwa Narok na trekta la watu. Nikiona kitu hakiko sawa, nasema. Nataka mlikumbuke hilo.

Watoto walimpenda Maxine kupita kiasi. Aliwafundisha kupata rangi ya kahawia kwa kuchemsha majani ya chai mpaka maji yawe mazito, na nyekundu kwa kusaga bitiruti. Chepchumba wangu, aliye Gredi ya Nne, alikuwa mtoto wa kuongea na vidole vya miguu yake. Mgeni akiingia, anajificha nyuma ya kabati. Baada ya likizo mbili kwa Maxine alisimama kanisani akaimba peke yake, beti tatu, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu. Sikusahau deni hilo, au nilifikiri sikulisahau.

Mwaka jana, likizo ya Desemba, Maxine alitunga wimbo wa mvua ya saa tisa. Kila mtoto wa hapa anaijua hiyo mvua. Mawingu yanateremka kutoka msitu wa Mau kupitia Kimulot, upepo unaanza, akina mama wanakimbia na vikapu, kisha mvua ya mawe inapiga mabati. Wazazi wangeitwa Ijumaa kabla ya Krismasi kuja kutazama. Maharagwe kwenye mikebe yangekuwa mvua. Jerikani kubwa ingekuwa radi. Ulikosekana upepo.

Lazima nieleze Desemba ni mwezi gani kwetu. Shule zikifungwa, vijana wa kiume wanaofikia umri huingia jandoni. Wanakaa menjo, nyumba iliyotengwa mbali na watu, huko pembeni mwa miti, chini ya wanaume wenyewe. Mwanamke haendi. Mtoto haendi. Yanayofanyika huko mwanamke haulizi, na mimi sijawahi kuuliza. Lakini kuna sauti. Nilipokuwa msichana, ikitoka upande wa msituni, mama alikuwa anatuvuta ndani kwa mikono, anafunga mlango na kutuziba masikio kwa leso. Inatolewa na nini, sijui. Hata nikijua sitaandika. Ila sauti yenyewe naijua, iko kwenye mifupa.

Sasa, Jumanne moja saa nne asubuhi, nachuma mstari ule wa mwisho, nikaisikia.

Nilitupa kikapu. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, nilikimbia na gambuti mpaka jikoni, nikafunga mlango, nikajiziba masikio kwa mikono yangu mwenyewe. Nilisimama hapo kama dakika tano kabla ya akili kunirudia. Mchana peupe? Karibu hivi? Haikutoka msituni. Ilitoka ukumbini.

Nikaenda. Nilimkuta Maxine amesimama katikati ya ukumbi, watoto wamekaa kando ya kuta, naye anazungusha rula ya mbao juu ya kichwa chake. Zile rula za shule zenye tundu upande mmoja. Alikuwa amefunga uzi mrefu kwenye tundu, na kila akizungusha, rula inanguruma. Aliona hiyo njia kwenye madaftari yake ya chuo, vyombo vya kutengeneza kwa vitu vya nyumbani. Rula kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na uzi wake na rangi zake. Chepchumba alikuwa ameshika ya kijani.

Maxine akaniona mlangoni, mikono yangu bado iko karibu na masikio.

"Mama Chepchumba! Umeogopa upepo wangu?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache sana: Mwalimu, wacha, hiyo sauti hapa ni ya wanaume. Lakini kulitaja tu hilo jambo mbele ya watoto ni kosa, na mwanamke anayelitaja anaulizwa alilijulia wapi. Nikafikiri kuhusu shemeji zangu. Nikafikiri kuhusu kijana wa dada yangu aliyeko huko menjo. Nikajiambia kuna mwanamume atasikia na atakuja kumwambia kwa heshima. Mimi, Rodah mwenye mdomo, niliogopa.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Ni tumbo tu linanisumbua."

Nikarudi kuokota majani yangu yaliyomwagika.

Jumatano watoto wawili hawakuja. Alhamisi, sita. Mama mmoja alisema mtoto ana kikohozi, mwingine alisema amepelekwa kwa nyanya yake. Chepkemboi, ambaye watoto wake watatu hawakukosa hata siku moja tangu Aprili, alipita mbele ya ukumbi akageuza uso kuelekea chai. Ijumaa, kati ya watoto thelathini na wanne walibaki kumi na mmoja. Chepchumba wangu alikuwa mmoja wa hao kumi na mmoja. Kumtoa kungekuwa kukiri kwamba ninajua, kwa hiyo hata mtoto wangu nilimtumia kujificha nyuma yake.

Maxine aliendelea kuzungusha rula zake. Kila asubuhi nilisikia, na kila asubuhi tumbo langu lilikaza kwelikweli, likawa si uongo tena.

Jumamosi jioni alikuja kwangu. Hakutaka chai.

"Kuna wanaume wawili walisimama kwa njia leo, karibu na choo ya kanisa. Wameangalia ukumbi karibu nusu saa. Nikawasalimia."

"Wakasema?"

"Hawakuitikia."

Kwetu mtu anaitikia salamu hata ya mtu ambaye hawaongei. Mtu asipoitikia, ni kama tayari hakuoni.

"Mama Chepchumba, kuna kitu nimefanya?"

"Watu ni watu tu, Mwalimu. Ni baridi ya Desemba."

Aliniangalia. Ana macho ya kuchora, yanakaa juu ya kitu mpaka yakimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia miaka hiyo yote. Alikuwa na miaka kumi na tatu mwaka ule wa vurugu za uchaguzi. Walikuwa kwenye laini. Jioni moja nyumba zilichomwa, wakatoka na nguo walizovaa, wakalala kituo cha polisi wiki mbili kwenye nyasi, na mama yake akapata nimonia ambayo haikumtoka vizuri tena mpaka alipofariki. Vyeti vyote viliungua. Ndiyo sababu ya begi.

"Usiku huo sikuogopa sana," alisema. "Niliogopa baadaye, nikikumbuka asubuhi."

Sikumuuliza asubuhi ilikuwa na nini. Nilikuwa nimeshughulika na kuficha uso wangu.

Jumatatu alifungua ukumbi akakuta dirisha moja limesukumwa. Mikebe ipo, jerikani ipo, rangi na karatasi hazijaguswa, hata redio ya mchungaji iko mahali pake. Zilizotoweka ni rula kumi na mbili. Mwizi anayeacha redio akachukua rula, hata mtoto anajua si mwizi. Maxine aliwarudisha watoto nyumbani. Saa sita mzee wa kijiji akapita kwake na ujumbe: wazee watakuja ukumbini Alhamisi saa nne, awepo, na baba yake awepo.

Nilimkuta amekaa kitandani, begi liko magotini. Alikuwa anafungua zipu na kuifunga, anafungua na kuifunga.

"Enda Kiptere kwa baba yako," nikamwambia. "Enda leo. Mimi nitafunga chumba."

"Nimefanya nini, Rodah?"

Hakuwa amewahi kuniita jina.

"Enda tu."

"Nikikimbia kabla ya kujua nimekimbia nini, nitakimbia maisha yangu yote." Aliliweka begi chini, lakini safari hii hakulisukuma nyuma ya mlango. Alilisimamisha mbele yake, mahali mkono unafika.

Siku hizo tatu sikula. Nilichuma majani mabovu pamoja na mazuri mpaka karani akanirudishia kikapu kizima, na sikumgombeza. Hapo ndipo watu walijua nina shida.

Alhamisi Mzee Eliakim alifika mapema kwa bodaboda, na koti lake la kiwandani, kofia mkononi. Alikaa karibu na mlango. Binti yake alipomwambia aketi mbele, alisema hapo panamtosha, na nikaona anaangalia dirisha, kisha njia, kisha dirisha. Mimi nilikaa nyuma kama jirani. Wazee walikuwa watatu. Mkubwa wao ni Mzee Kipkemoi, mtu mwembamba anayeongea polepole. Pamoja nao alikuja Kipsang, ambaye mtoto wake wa kwanza alikuwa menjo mwaka huo. Kipsang hakuketi.

Mzee Kipkemoi aliweka gunia mezani. Halikufunguliwa, lakini ncha za rula zilionekana zikisukuma nyuzi za gunia.

"Mwalimu," alisema Kipsang, "mimi niko na kijana huko. Siku ile anasikia hiyo sauti, inatoka kanisani, inachezwa na watoto kidogo. Wasichana! Vijana wote wamesikia. Sasa tunawaambia nini? Wewe unacheka sisi?"

"Sijacheka mtu, baba." alisema Maxine. "Nilikuwa natafuta upepo wa wimbo. Kama ni vibaya, sikujua. Hata sasa sijui vizuri."

"Hutaambiwa vizuri," alisema Mzee Kipkemoi. "Ni sauti iko na wenyewe, na iko na mahali yake. Hiyo inatosha."

Mvua ilianza mapema siku hiyo, ikapiga mabati, na Kipsang akalazimika kupaza sauti. Alisema ukumbi ufungwe. Alisema watu wanaokuja na mambo ya kwao waende nayo kwao. Aliposema neno hilo, kwao, Mzee Eliakim aliinuka nusu kwenye kiti, kofia ikaanguka. Hakuna aliyeiokota. Nilimwona Maxine anageuza macho kutafuta mlango, na nikajua anahesabu hatua mpaka chumbani kwake, mpaka begini.

Mzee Kipkemoi akainua mkono, akangoja mpaka Kipsang anyamaze.

"Huyu hakuambiwa," alisema. "Mtu hajaambiwa, hatumdai kitu. Lakini mimi nauliza kitu ingine. Hii ukumbi haiko porini. Iko katikati ya nyumba yetu. Sauti imelia wiki nzima. Kuna mtu wa hapa, anajua, amesikia siku ya kwanza. Angekuja akamwambia mwalimu wacha, ingeisha siku hiyo. Huyo ndiye nataka. Mwalimu, nani alikuja hapa siku ya kwanza?"

Maxine aliniangalia. Macho yake yalikaa juu yangu kama yanavyokaa juu ya kitu anachotaka kuchora, na nikaona mikono yangu mwenyewe ikiwa masikioni, mlangoni, Jumanne. Nikaona amejua. Labda alijua tangu Jumamosi.

Akawageukia wazee.

"Hakuna mtu alikuja," alisema. "Nilikuwa peke yangu na watoto."

Angenitaja, yote yangemwondokea palepale. Badala yake yeye aliyekuwa anaogopa alinifunika mimi. Sijui nilisimamaje. Nakumbuka tu benchi likianguka nyuma yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisikia. Nilikuja, nikaona, nikasema naumwa tumbo. Niliogopa nyinyi."

Kipsang alitoa mlio kooni. Mzee Kipkemoi aliniangalia kwa huzuni zaidi ya hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Wewe, Rodah? Wewe unaogopaga nani?"

Uamuzi ulikuwa wangu kuubeba. Vijana walioko menjo walikuwa saba. Nilitakiwa kupeleka kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa mama wa kila mmoja, nyumba kwa nyumba, na kuomba msamaha kwa mdomo huu huu uliokataa kusema. Dada yangu ndiye aliyenifungia mlango kwa siku mbili kabla ya kupokea. Rula hazikurudi. Ukumbi haukufungwa. Mzee Kipkemoi mwenyewe alimwokotea Mzee Eliakim kofia yake, akaipangusa kwa mkono wa koti, akampa.

Ijumaa ya maonyesho walikuja watoto thelathini na mmoja. Upepo waliufanya kwa midomo na chupa za soda, wengine wakipuliza huku wengine wakicheka, na ulikuwa upepo mbovu kabisa. Kipsang alisimama nyuma akiwa na binti yake mdogo mabegani. Alipiga makofi mara mbili hivi. Chepchumba aliimba. Mimi sikulia, sikuona nina haki.

Baada ya watu kuondoka nilimsaidia kufagia. Nilimwambia pole. Nilisema yote niliyoyaandika hapa, na zaidi. Nilipomaliza nikamwambia sasa anaweza kulifungua lile begi, apange vitu vyake kabatini kama mtu wa nyumbani.

Aliendelea kufagia mpaka akafika mlangoni.

"Ile asubuhi niliyokuambia," alisema. "Mwaka ule. Jirani yetu alinikuta kwa bomba, akanisalimia vizuri, akaniuliza kama mama ameamka. Alikuwa anajua. Jioni ikafika." Alisimamisha ufagio ukutani. "Wazee sikuwaogopa hivyo, Mama Chepchumba. Wazee walikuja saa nne wakaniambia. Wewe ulinisalimia siku tisa."

Nilitoka nikatembea kwenye mistari ya chai yangu mpaka miguu ikalowa.

Hakuhama. Likizo ya Aprili iliyofuata alifungua tena ukumbi, na Agosti pia, na watoto sasa hawatoshi kwenye mabenchi. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango anakuja kwenye mstari wangu wa mwisho wa chai, na anauliza swali lile lile.

"Leo kuna nini sijui?"

Nami namwambia kila kitu. Nani ana matanga, nani amekosana na nani, wimbo gani usiimbwe karibu na nyumba ya nani, hata mambo ya kijinga ambayo hayana maana. Namwambia mpaka nikaukiwe na mate. Anasikiliza hadi mwisho, anashukuru, anaenda kufungua.

Nikienda kwake jioni kumpelekea maziwa, naingia, na kabla ya salamu macho yangu yanatangulia nyuma ya mlango. Begi bado liko.